Kiti cha Mama Pita

Watu wanaosema kiti cha kando ya dereva ni cha kusinzia hawajapanda gari letu. Katika gari letu, anayekaa kando ya dereva ndiye anayeamua kama mtafika au hamtafika. Kiti hicho ni cha mama yangu, Godelive, na ndicho kilichofanya madereva wa malori kutoka Bunia mpaka Komanda wamwite Mama Pita. Mimi ni Nadège, mtoto wake wa kwanza, fundi wa kushona hapa Shari, karibu na Bunia. Naandika haya kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisimulia habari za mama yangu na kuzitia chumvi. Wanasema eti anaendesha gari kwa mdomo. Hilo ni kweli. Lakini yaliyobaki hawayajui, na yaliyobaki ndiyo yenye maana.

Kwanza gari lenyewe. Ni Toyota Carina ya rangi ya chai ya maziwa, gari la kwanza katika ukoo wetu wote, upande wa baba na upande wa mama. Sasa limezeeka, linalala zaidi kuliko linavyokwenda. Lilitoka Uganda. Kule watu hupita upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo usukani wake uko kuume. Sisi huku Kongo tunapita kuume. Basi dereva anakaa ukingoni, karibu na mitaro na mbuzi, na akiwa nyuma ya lori haoni kitu kingine ila makalio ya lori. Anayeona kama barabara ni wazi ni yule aliyekaa kushoto. Yeye ndiye anayetoa kichwa dirishani kidogo, anatazama, anasema “ngoja” au anasema “pita”. Akikosea, mnakufa wote pamoja. Magari ya namna hiyo yamejaa Bunia, na kila moja lina mtu wake wa kushoto.

Mama ni mkulima wa Djugu. Alikuwa na shamba la maharagwe na viazi, na nyumba ambayo baba, Honoré, aliijenga kwa mikono yake, maana baba ni mwashi. Vita vilipotukuta tulitoka kwa miguu. Mama alibeba godoro kichwani njia nzima mpaka Bunia, shingo imekakamaa, hataki mtu ampokee. Alipolitua mbele ya nyumba ya ndugu za baba, hakusalimia mtu. Alisema tu: “Mie nikikimbia tena, nitakimbia nimekaa.”

Watu walicheka. Walidhani ni uchovu. Lakini mimi namjua mama yangu: neno likishamtoka kinywani halirudi. Alianza kuuza maharagwe na mafuta ya mawese sokoni, baba akajenga nyumba za watu, na jinsi walivyofikia kununua gari sitaeleza. Hapa kwetu kila mtu anajua jasho ni nini. Mjomba wangu Alexis, mfanyabiashara anayekwenda na kurudi Uganda, ndiye aliyelileta kupitia Mahagi. Aliliegesha uani, akampa baba ufunguo, na baba alipowasha tu, sauti ya mwanamke ikatoka ndani ya gari ikisema maneno ya Kijapani, kwa upole sana.

Tuliruka wote. Mama peke yake hakuogopa. “Asante, mama,” alijibu, “na weye pia.” Tangu siku hiyo hajawahi kuacha kumjibu mwanamke yule, kila gari linapowashwa. Alexis alimwambia kwamba ni mashine tu. Mama akamwambia kwamba hata mashine ikisalimia hainyamaziwi.

Jumapili ile tulilipeleka gari kanisani kubarikiwa, maana gari lisilobarikiwa mtaani kwetu hakuna anayelipanda. Magari yalipangwa uwanjani baada ya Misa. Padri alikuwa na haraka, watoto wa ubatizo walikuwa wanamngoja wakilia. Akapita gari hadi gari, kila mara dirisha la kushoto, kama ilivyo desturi, kwa sababu huko ndiko anakokaa dereva wa gari la Kongo. Alipofika kwetu akaingiza mkono dirishani, akauweka juu ya kichwa cha mama, akasema: “Ee Bwana, uongoze macho na mikono ya dereva huyu.” Akamnyunyizia maji ya baraka mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa. Mama akajibu “Amina!” kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, na wala hakumsahihisha. Kabla baba hajafungua mdomo, padri alishafika kwenye gari la tatu.

“Na mie?” baba aliuliza, mikono ikiwa kwenye usukani.

“Weye shika volan,” mama akamwambia. “Mie njo dereva mbele ya Mungu.”

Jirani yetu Moïse, ambaye hakosi mahali penye chupa, alilimwagilia povu la bia kila gurudumu jioni ile, na mtaa mzima ukanywa ili wivu uishe. Baba alikuwa anatabasamu peke yake. Baba ni mtu wa maneno machache mno; ukimwona anatabasamu peke yake, ujue ana furaha hadi kwenye mifupa.

Safari ya kwanza kwenda Komanda kuchukua mafuta na ndizi ilikuwa aibu tupu. Tuliingia nyuma ya lori la mbao, na kila baba alipouliza “Mama Nadège?” mama alijibu “Ngoja.” Barabara wazi, ngoja. Barabara tupu kabisa, hakuna hata kuku, ngoja. Tulikula vumbi la lori lile mpaka tukawa rangi moja sisi, gari na ndizi za watu kando ya njia. Kwenye mteremko mmoja baiskeli iliyobeba magunia ikatupita.

“Mama Nadège,” baba alisema, “baisikeli imetupita.”

“Iende. Ile haijabarikiwa.”

Lakini alijifunza. Mama akishika kazi huishika kwelikweli. Alijifunza kona zote, alijua mahali lori linapochoka na mahali linapodanganya kuwa limechoka. Alikuwa anatoa mkono wake wenye bangili nje ya dirisha na kuupunga, na madereva wa malori wakauzoea mkono ule, wakawa wanamjibu kwa taa: sasa, bado, sasa. Akisema “pita” alisema mara moja, na baba alikanyaga kabla mama hajafunga kinywa. Siku moja nilimuuliza baba kama haogopi kupita lori bila kuona. Alinitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. “Nilishamuaminia mambo kubwa kupita kamyo,” akasema.

Polisi wa barabarani walikuwa wanakuja dirisha la kushoto kuomba leseni. Mama aliwapa karanga. “Permis iko ile ngambo, mutoto yangu,” alisema, na hadi polisi azunguke gari lote kufika kwa baba, alishaanza kucheka na kutafuna. Bijou, binti wa jirani, alipoolewa, gari letu ndilo lililomchukua, likapambwa maua na riboni. Ndugu zake walitaka bibi arusi akae mbele. Mama alishangaa kabisa. “Bibi arusi na ile vitambaa yote ku macho, ataona kamyo?” Bijou alikaa nyuma, amebanwa kati ya shangazi wawili, na mpaka leo anasimulia akicheka. Mwanamke mwingine alijifungulia humo humo kabla hatujafika maternité. Mtoto anaitwa Élisée kwenye karatasi za kanisa, lakini mtaani ni Carina, maskini, na ni mvulana.

Hayo ndiyo watu wanayoyasimulia. Sasa nifike pale wasipofika.

Mwaka juzi mama alianza kupigana na milango. Kila akiingia chumbani, bega lake la kushoto linagonga mwimo. Akimimina chai, nyingine inakwenda mezani. Ukimsalimia kutoka ubavuni anashtuka. Na akaanza ugomvi na kioo cha mbele cha gari. Kila asubuhi alikuwa anakifuta kwa pembe ya kitenge chake, anakilaumu, anakifuta tena. “Kioo hii iko mbaya,” alisema. “Alexis alituuzia kioo ya zamani.” Nilikifuta mwenyewe kwa siki na gazeti mpaka kikang’aa. Kesho yake alikifuta tena. Baba alimwambia waende kwa mganga wa macho, na mama akamjibu kwamba mgonjwa ni kioo.

Siku moja tulikuwa tunatoka Komanda. Mimi nilikuwa nyuma, nimebanwa na ndizi na madumu ya mawese. Mbele yetu kulikuwa na lori lililojaa mihogo. Baba akauliza, “Mama Nadège?” Mama akatoa kichwa, akatazama, akasema, “Pita!”

Baba akapita. Fuso ilikuwa mbele yetu, imejaa barabara yote.

Sijui baba alifanyaje. Alirudi nyuma ya lori kama mtu anayevuta mkono kutoka motoni, kioo cha pembeni cha upande wa mama kikaondoka na kishindo, dumu likanipiga mbavuni, na Fuso ikapita ikipiga honi mpaka sauti yake ikafia mbali. Baba akasimamisha gari kando. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kupiga kelele, kwa sababu mimi nikiogopa nakuwa mkali. Baba akainua mkono bila kugeuka, nikanyamaza.

“Ilitokea wapi ile?” mama aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia.

“Mie njo nilikawia kukanyaga,” baba akasema. “Kosa iko yangu.”

Hakukawia. Nilisikia mwilini mwangu gari likiruka pale pale neno lilipotoka. Mama alichukua pembe ya kitenge, akafuta kioo cha mbele, taratibu, mpaka tulipoondoka.

Baba hajawahi kuja kwenye chumba changu cha cherehani, anasema panamkera kwa kelele. Juma lile alikuja. Akakaa kwenye benchi la wateja na saruji yake miguuni, akavua kofia.

“Nadège, mama yako haione tena upande ya kushoto.”

“Basi mumutoe pale mbele!” nikasema. “Akae nyuma, mie nikae ku ile kiti, mambo iishe. Munataka tufe?”

Baba aliigeuza kofia mikononi. “Mama yako alitoka Djugu na godoro ku kichwa,” alisema. “Kitu moja tu njo aliomba: kukaa. Sasa mie njo nimuambie, simama?”

Nilikanyaga cherehani ili nisilie, nikashona mkono wa kushoto wa blauzi ya mteja upande wa kuume. Baba akangoja nimalize kuharibu. Kisha akaniambia alichokuwa amekipanga, na kwa baba ilikuwa hotuba ndefu. Mdogo wa mama, Suzanne, anakaa upande wa Irumu, karibu na hospitali yenye mganga wa macho. Tungekwenda kumsalimia Suzanne. Tukishafika pale, labda mama angekubali kuingia kwa mganga, maana mlango ungekuwa karibu na hakuna majirani wa kumwona.

“Na kamyo za njiani?” nikauliza.

“Weye utakaa nyuma yake, uone vile yee alikuwa anaona. Akisema pita, mie nitangojea. Kama iko wazi, unigonge ku bega. Kama haiko wazi, usiniguse.”

Tuliondoka asubuhi. Mwanamke wa Kijapani alisalimia, mama akamjibu, akaweka mkono wake wenye bangili dirishani kama kawaida. Nilikaa nyuma yake, shavu kwenye kioo. Lori la kwanza lilikuwa la mbao. “Pita,” mama alisema. Nikatazama: pikipiki ilikuwa inakuja, imebeba nguruwe wawili. Sikumgusa baba. Baba akakohoa, akasema gia inakataa. Pikipiki ikapita. Nikanyosha mkono katikati ya viti, nikamgonga begani, tukapita.

“Leo uko nakawia,” mama akasema.

“Nimezeeka,” baba akajibu.

Ikawa hivyo lori baada ya lori. Anasema pita, natazama, nagonga, tunapita. Nilijisikia mwizi. Nilikuwa namwibia mama yangu kazi yake mbele ya macho yake, na yeye ananiuliza kama nina njaa, ananipa karanga kwa nyuma. Karanga zile hazikushuka. Nilimtazama kisogo, kitambaa alichofunga vizuri kwa ajili ya kumwona mdogo wake, na nilimpenda kwa namna iliyoniuma.

Karibu na njia panda tukafika nyuma ya lori la makaa, limebeba magunia hadi juu, linapanda kama mzee anayepanda ngazi. Barabara ilikuwa imenyooka. Baba akauliza, “Mama Nadège?”

“Pita,” mama akasema.

Nikatazama: wazi, wazi kabisa mpaka juu. Nikainua mkono. Hapo ndipo nilipomwona mama. Hakuwa ametoa kichwa dirishani. Hakuwa anaangalia barabara hata kidogo. Alikuwa amegeuka, anamtazama baba usoni, na baba alikuwa ameng’ang’ania usukani, macho kwenye magunia ya makaa, hakanyagi. Mkono wangu ukagandia hewani.

“Nadège,” mama akasema bila kugeuka kwangu, “mugonge basi. Papa yako iko anakungojea.”

Nikamgonga. Tukapita. Lori likawa dogo nyuma yetu.

“Ulijua tangu saa gani?” baba akauliza.

“Tangu kamyo ya mbao. Haujawahi kungojea neno yangu mara mbili, Papa Nadège. Tangu tuoane.” Akaurudisha mkono wake ndani, akaulaza mapajani. “Na Suzanne, tutamusalimia tukitoka kwa munganga. Musinizungushe kama mbuzi ya kuuzisha.”

Nilianza kulia. Mama akaendelea kuongea, akiangalia mbele. “Niliogopa,” akasema. “Ile siku ya Fuso, niliogopa sana. Lakini niliogopa tena zaidi kukaa nyuma. Mutu asiyeona, wanamuweka pamoja na ndizi.”

“Hakuna mutu atakutoa pale,” baba akasema. “Mie nikiwa muzima, hakuna.”

Mganga alikuwa kijana mpole, alimwita “mama” kila neno la pili. Alimwekea mashine machoni, akampima muda mrefu, kisha akatueleza kwamba ni ugonjwa unaokula pembe za macho kwanza, polepole, bila maumivu, ndiyo maana mtu hudhani ni uchafu wa kioo. Kilichokwisha kupotea hakitarudi. Kilichobaki kitalindwa kwa dawa ya matone, kila siku, bila kuacha. Mama alisikiliza yote, mikono imekunjwa. Kisha akauliza: “Na kiti yangu?”

“Kiti gani, mama?” mganga akasema.

Hatukumweleza. Yako mambo ambayo hata ukisoma sana huwezi kuyaona kwenye mashine ya macho.

Tulimsalimia Suzanne, tukala, tukapewa kuku wa kubeba. Wakati wa kuondoka mimi, kwa akili zangu, nikaenda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele wa kushoto. Niliona mambo yamekwisha, ukweli umesemwa, mwenye macho akae mbele. Nikakuta mama ameshakaa, mlango amefunga, kitambaa amekaza.

“Weye kaa nyuma,” akaniambia. “Utaangalia. Lakini papa yako usimugonge tena. Unigonge mie. Mwenye kubarikiwa ni mie.”

Nikamtazama baba juu ya paa la gari. Baba alikuwa anatabasamu peke yake.

Tukaondoka. Mwanamke wa Kijapani akasema neno lake, mama akamshukuru. Mbele ya kilima cha kwanza tukakuta lori, tanki la mafuta, linatambaa. Baba akauliza, “Mama Nadège?” Nikatoa kichwa dirishani, vumbi likanijaa macho, nikatazama mbele na nikatazama tena. Barabara ilikuwa wazi. Nikamgonga mama begani.

“Pita, Papa Nadège,” mama akasema, na baba akakanyaga kabla mama hajafunga kinywa.